Vitu vya Mke wa Bwana Mita

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Alipita nyumba hadi nyumba na daftari lenye jalada gumu, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na tochi ndogo ya kumulikia zile mita zilizozama chini ya mfuniko wa chuma, mahali vyura wanapopenda kulala. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mita, na jina likamkaa hata mke wake akalichukua: "Bwana Mita, chai yako inapoa." Alijua geti lipi linataka kuinuliwa kidogo ndipo lifunguke, na mbwa yupi ni wa kelele tu na yupi anauma kimyakimya. Ila ndani ya nyumba za watu hakukujua. Mita hukaa nje. Alibisha, akaitikiwa, akainama, akaandika tarakimu zake, akashukuru, akaenda. Miaka yote hiyo hakumbuki kama aliwahi kukalia kiti cha mtu.

Nyumba aliyoijua kwa ndani ilikuwa yake peke yake, na hiyo nayo, akisema ukweli, aliijua nusunusu.

Mkewe alianza kutengeneza vitu mwaka ule binti yao, mtoto wao wa pekee, alipopata kazi mbali. Walimsindikiza, wakarudi, wakafungua mlango, na mkewe akasimama katikati ya sebule na mkoba begani. "Nyumba imekuwa pana ghafla," alisema. Bwana Mita akawasha redio asikilize habari.

Wiki ya pili yake kulikuwa na kuku kwenye kochi. Alishonwa kwa pazia kuukuu la maua, upanga wake wa kichwani ulikuwa vidole vya glovu nyekundu, na miguu yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, imekunjwa goti juu ya goti kama mama mtu mzima anayesubiri zamu yake zahanati. Bwana Mita alirudi kazini, akamkuta, akamwambia, "Shikamoo." Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Labda kile kicheko ndicho kilichomponza Bwana Mita, maana tangu siku hiyo vitu havikukoma. Alikuja kobe wa kitambaa cha suruali, amejazwa mchanga, wa kuzuia mlango usijigonge kwa upepo. Wakaja samaki wanane wa soksi, wamening'inizwa darini kwa uzi wa nailoni, wakigeuka polepole dirisha likiwa wazi. Likaja pazia la vizibo vya chupa, la kutenga sebule na jikoni, ukipita linakusalimu kwa mlio. Likaja birika lenye kofia ya kufuma yenye masikio. Akaja paka wa sufu ya kijivu, amejikunja kwenye kiti cha pembeni amelala, kwa sababu Bwana Mita alikuwa amekataa katakata kufuga paka wa kweli. Na ukutani ikaja saa ya mviringo ambayo mahali pa tarakimu palikuwa na vifungo vya koti, kumi na kimoja vyeusi na kimoja chekundu.

"Vifungo vyeusi vilikuishia?" Bwana Mita aliuliza.

"Ndiyo," mkewe akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Wageni walipiga makofi. Walimbeba kuku, wakamkanda kobe, wakapita kwenye vizibo mara mbilimbili kwa raha tu. Bwana Mita yeye alikuwa na neno moja alilolirudia kwa utani, na utani ukirudiwa miaka tisa huanza kufanana na kitu kingine. "Takataka zako hizi," alisema, akiinamisha kichwa kupita chini ya samaki, "ipo siku zitanihamisha."

Alistaafu. Miezi saba baadaye mkewe aliamka Jumanne akisema bega linamvuta, na Ijumaa hakuwepo.

Sitakaa sana kwenye siku zile. Binti alikuja, akakaa wiki mbili na macho yamemvimba, akarudi kazini kwake kwa sababu likizo ilikwisha. Aliyebaki kushika usukani alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka, ambaye akiingia chumbani hata viti hujiona vimekaa vibaya. Yeye na Bwana Mita waliitana shemeji. Mwezi haujaisha, shemeji akasema majirani wangependa kuchukua vitu vya ukumbusho, na kwamba si vizuri mtu kukaa peke yake akitazamana na vitu vya marehemu kutwa kucha.

"Au wewe unaonaje, shemeji?"

"Sawa tu," alisema Bwana Mita.

Basi Jumamosi asubuhi majirani walikuja. Yeye aliketi pembeni na kikombe chake. Kila mmoja alisogea na kitu mkononi, kwa adabu, sauti ya chini: "Bwana Mita, nimchukue huyu?" Naye akajibu, "Chukua tu." Mke wa mwenye duka la dawa alichukua samaki wote wanane. Fundi baiskeli, mwenye watoto wanne, alichukua kuku. Muuguzi wa mtaa wa nyuma alimchukua kobe, akamkumbatia kwa mikono miwili kwa uzito. Mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo anayeishi peke yake karibu na shule, alisimama muda mrefu chini ya saa kabla hajauliza. "Chukua tu." Shemeji mwenyewe alibeba paka na pazia la vizibo. Kufikia adhuhuri ilibaki kofia ya birika, kwa sababu ilikuwa na doa la chai lisilotoka.

Bwana Mita alifunga mlango. Kusema kweli alihisi wepesi. Ule wepesi ulikaa mpaka jioni.

Kuta zilikuwa na misumari kumi na tisa. Aliihesabu kwa mazoea ya kazi. Kuzunguka kila msumari palikuwa na alama ya rangi iliyokoza kuliko ukuta mwingine, ya mviringo, ya mraba, nyingine ya umbo ambalo hakulikumbuka lilikuwa la nini. Mlango wa jikoni haukusema kitu alipopita. Ule wa mbele, bila kobe, ulijigonga kila upepo ulipovuma, naye kila mara alinyanyua uso akidhani kuna mtu. Na akienda dirishani, kichwa kiliinama chenyewe kuwakwepa samaki ambao hawakuwepo. Miezi miwili aliinama hivyo. Alijikemea, akaapa hatainama tena, kesho yake akainama.

Binti alipiga simu kila Jumapili. "Umekula, baba? Dawa ya presha umemeza? Huko mvua inanyesha?" Alijibu ndiyo, ndiyo, kidogo. Kisha simu ikakatwa, na redio ikaendelea.

Siku moja, saa tisa alasiri, alikuwa anatoka kununua mkate. Alipita nyumba ya mwenye duka la dawa, geti la kijani, lile la kuinua kidogo. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na ndani yake, juu, soksi ya mistari ilikuwa inageuka taratibu ikamtazama kwa jicho la kifungo. Bwana Mita alisimama. Alisimama mpaka mama mwenye nyumba akatoka nje na beseni.

"Bwana Mita! Umepotea? Mita iko palepale, nyuma ya tangi."

"Nimestaafu, mama. Nilikuwa napita."

"Basi pita ndani, mbona unasimama kama umetumwa?"

Alivua viatu, akaketi ncha ya kiti, magoti yamebanana, mkate juu ya mapaja. Mama yule alileta chai. Walizungumza habari za joto, za dari linalovuja, za wajukuu. Bwana Mita aliitikia huku akiangalia juu.

"Wajukuu zangu wamewapa vyeo," mama alisema alipoona macho yake yanakwenda wapi. "Yule wa mistari ndiye mkuu wa wilaya. Unajua marehemu alivyoniambia? Alisema kila mmoja wao ni soksi iliyofiwa na mwenzake, ndiyo maana amewaweka pamoja wasikae wapweke. Nilicheka siku ile, jamani!"

Bwana Mita naye alicheka. Alipofika nyumbani na mkate uliobonyea, aliketi akajiuliza kwa nini maneno yale, yaliyosemwa kuhusu soksi zake mwenyewe, ilibidi ayasikie kwa mke wa mwenye duka la dawa.

Jumatatu iliyofuata alirudi. Akaongeza Jumatano kwa fundi baiskeli, na kwa muuguzi kila alipojua hayuko zamu. Ijumaa jioni alikwenda kwa mwalimu. Hakuwahi kwenda mikono mitupu. Alibeba ndizi, au mkate, au kifurushi cha majani ya chai. Na hakumwambia mtu hata mmoja alichofuata. Angesemaje? Mtu mzima, mwenye mvi mpaka nyusi, aseme amekuja kumwona kobe?

Kwa fundi baiskeli ndiko alikoumia. Watoto walikuwa wanampanda kuku kama farasi. Mguu mmoja ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi tatu, na mbwa alikuwa ameonja upanga. Bwana Mita akaomba sindano.

"Unajua kushona?" fundi baiskeli aliuliza kutoka uani, mikono imejaa grisi.

"Tutaona."

Alishona kutwa nzima, amebana ulimi kwa meno. Alijichoma vidole mpaka akaacha kuguna. Alipomaliza, fundi alimgeuza kuku huku na huku, akaangua kicheko.

"Bwana Mita! Umemshona mguu ukiangalia nyuma!"

Ilikuwa kweli. Mguu mmoja ulikwenda mbele, mwingine ulitaka kurudi ulikotoka. Bwana Mita aliomba radhi, akataka kufumua, lakini watoto walimnyang'anya. Walimpenda zaidi hivyo. Mdogo wao wa kike alimweleza kwa makini kwamba sasa kuku anaweza kukimbia pande zote mbili. Bwana Mita alirudi nyumbani amevimba vidole, na njiani alijikuta anatamani kumsimulia mtu kisa hicho, na akajua mtu huyo ni nani hasa.

Kwa mwalimu hakukuwa na kelele. Nyumba ya vyumba viwili, safi, meza moja yenye madaftari ya wanafunzi yamepangwa kama matofali, na ukutani ile saa. Mwalimu hakuwa mtu wa maneno. Alimkaribisha, akammiminia chai, akaendelea kusahihisha kwa kalamu nyekundu, na Bwana Mita akatazama mshale unavyotembea kutoka kifungo hadi kifungo. Wote wawili hawakuona ubaya wa kukaa hivyo. Ilikuwa ziara ya tano au ya sita Bwana Mita alipoionyesha saa kwa kikombe.

"Vifungo vyeusi vilimwishia. Ndiyo maana kimoja ni chekundu."

Mwalimu aliinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe."

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Mimi pia nilimuuliza, siku moja nilipopita kumsalimia," alisema. "Akaniambia, angalia kiko wapi. Nikaangalia. Kiko saa kumi na moja. Akasema, hapo ndipo Bwana Mita anapofungua mlango. Nikifika hapo, siku nimeishinda."

Bwana Mita alitazama kifungo. Ilikuwa kweli, kiko pale chini kulia, na yeye miaka tisa aliutazama ukuta ule akiwa anavua viatu, saa kumi na moja na dakika chache, kila siku ya kazi. Alijaribu kukumbuka alikuwa anafanya nini baada ya kuvua viatu. Alikuwa anauliza kama chai iko tayari. Kisha anawasha redio, anafumba macho, na ukimsemesha anainua kidole kuomba amalizie kwanza habari. Habari zile hakumbuki hata moja.

Machozi yalimjaa. Mwalimu akavuta daftari lililokuwa karibu, akaanza kusahihisha upya hesabu ambazo, alimwambia miezi mingi baadaye, alikuwa ameshazisahihisha zote.

Sasa, mtaa ni mtaa. Mjane wa kiume anayevaa shati lililopigwa pasi kila Ijumaa na kwenda kwa mwalimu asiye na mume, akatoka jua limeshuka, hawezi kuachwa salama na midomo ya watu. Maneno yalianza kichinichini dukani, yakapanda basi, yakafika kwa shemeji. Akaja siku hiyohiyo. Hata hodi hakungoja.

"Shemeji, mimi si mtu wa kuzunguka," alisema akiwa bado amesimama. "Mdogo wangu hajamaliza mwaka. Kila nyumba umekuwa mwenyeji. Leo kwa muuguzi, kesho kwa mwalimu. Kama unatafuta mke, sema. Nitakutafutia mimi mwenyewe, kuliko kutuaibisha hivi."

"Sitafuti mke."

"Unatafuta nini basi?"

Bwana Mita alitazama misumari. Angeweza kusema anapunga hewa. Lakini alikuwa amechoka kubeba jambo lile peke yake.

"Nafuata vitu vya mdogo wako," alisema. "Nilivitoa kama mjinga. Sasa nakwenda kuviangalia."

Shemeji aliketi. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mikono yake ilikaa bila kazi. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta uso kwa kiganja, akainuka.

"Kosa ni langu," alisema. "Na nitalirekebisha."

"Shemeji, sikusema uvirudishe..."

Lakini alikwishatoka.

Siku tatu zilimtosha. Alipita nyumba moja baada ya nyingine na mfuko mkubwa, akieleza kwamba mzee wa watu ameshindwa kulala kwa ajili ya vitu vile, kwamba ziara zote zilikuwa za hivyo, na kwamba ni vizuri virudi kwake. Hakuna aliyekataa. Nani angekataa? Alirudi na kuku, na kobe, na samaki wanane wameviringishwa kwenye gazeti, na saa, na paka, na pazia, na vingine. Alivipanga mwenyewe, na vya ukutani kila kimoja kwenye msumari wake, amepanda kiti, akiuliza, "Hapa? Au hapa?" Alipomaliza alipiga makofi kukung'uta vumbi, akasema, "Haya. Sasa umerudishiwa nyumba yako," akamkumbatia, akaondoka.

Bwana Mita alikaa katikati ya sebule. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kuku amekunja miguu yake miwili isiyosikilizana. Paka amelala. Siku ya kwanza alifurahi sana, alizunguka akishikashika. Siku ya pili alikaa. Siku ya tatu, Jumatatu, alivaa shati, akachukua ndizi, akafika mlangoni, akasimama. Kwa mwenye duka la dawa alikuwa anaenda kufanya nini?

Akarudi akaketi. Vile vitu, aligundua, vikiwa kwa watu vilikuwa vinasema. Mama yule alivisemea, watoto wa fundi walivisemea, mwalimu alivisemea, na kila mmoja alimpa kipande cha mkewe ambacho yeye hakuwa nacho. Hapa nyumbani vilijua tu yale anayoyajua yeye, na yeye alijua kidogo. Alipokutana njiani na mke wa mwenye duka la dawa, mama alimsalimia vizuri, lakini hakusema karibu.

"Ungesema tu tangu mwanzo kwamba unawataka samaki wako," alisema. "Sisi tulidhani unakuja kututembelea."

Maneno yale yalimkaa rohoni wiki nzima. Mwanzoni ilikuwa kweli kwamba aliwafuata samaki tu, na hakujua hasa ni katika ziara ya ngapi jambo hilo lilipoacha kuwa kweli.

Wiki ile alimaliza siku nne bila kusema na mtu, ila "baki na chenji" kwa muuza mkate. Siku ya tano sauti yake mwenyewe ilimshtua, imekuwa na kutu. Akapiga moyo konde. Akamchukua kuku kwapani, kweupe, mtaa mzima unamwona, akaenda hadi kwa fundi baiskeli.

"Nimewaletea," aliwaambia watoto. "Safari hii nawapa mimi."

Hakumaliza sentensi, kuku alishapandwa. Fundi baiskeli akafuta mkono kwa kitambaa na kuunyoosha kumsalimia. "Kaa, Bwana Mita. Leo kuna uji tu, lakini kaa."

Kesho yake alimpeleka kobe. Mlango wa muuguzi ulikuwa umezuiwa na jiwe. "Afadhali," muuguzi alisema akilisukuma kando kwa mguu, "jiwe halina uso." Paka na pazia alimrudishia shemeji, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, na kusema kwamba yeye hawaelewi wanaume na ameacha kujaribu. Ila alimwuliza atakuja lini kumwona paka, na siku ile alimpakulia chakula mwenyewe.

Kwa mwenye duka la dawa hakufanikiwa. Mama alimpokelea mlangoni, akashukuru, akasema wameshapaka dari rangi mpya na hawataki tena kuligongelea misumari. Bwana Mita alielewa kwamba si habari ya dari. Aliomba radhi pale pale mlangoni, kwa shida, maneno yakimponyoka. Mama aliitikia kwa kichwa. Wanasalimiana mpaka leo, vizuri tu, kwenye geti. Ndani hajaingia tena.

Kwa mwalimu alikwenda mwisho. Alifika Ijumaa na saa imefungwa kwenye shuka. Mwalimu alifungua, akaona umbo lile la mviringo, hakulipokea.

"Wiki tatu," alisema. "Niliendelea kuweka vikombe viwili. Sikujua kwamba ulikuwa unakuja kwa ajili ya saa."

"Nilianza kuja kwa ajili ya saa," Bwana Mita alisema.

Mwalimu alifikiri. Kisha akasogea kando apite, akaenda kutafuta nyundo, kwa sababu msumari alikuwa ameshaung'oa na tundu kuliziba kwa dawa ya meno, kama wafanyavyo wapangaji wenye heshima. Bwana Mita alipigilia mwingine. Hawakuoana, kama kuna anayesubiri kusikia hivyo. Mtaa ulisubiri, ukachoka, ukahamia kwenye habari nyingine. Kila Ijumaa huketi, yeye na chai yake, mwalimu na madaftari yake, na siku nyingine humsimulia mwalimu jambo dogo la marehemu, na mwalimu huuliza swali moja au mawili. Siku zilizobaki za wiki ni ndefu kama zilivyokuwa. Kwa muuguzi mara nyingi hukuta kufuli. Kuna jioni hula akiwa amesimama, kwa kuwa kuketi mezani peke yake ni kujikumbusha.

Lakini jambo moja lilibadilika, na lilikuja Jumapili. Binti alipiga simu kama kawaida.

"Umekula, baba? Dawa umemeza?"

"Ndiyo. Nimemeza." Alizima redio. Alikuwa amekaa asubuhi nzima akifikiri jinsi ya kuuliza, na swali lenyewe lilikuwa dogo hata akalionea haya. "Mwanangu. Huko unakokaa. Ukutani kwako kuna nini?"

Upande wa pili alisikia bomba la maji likifungwa.

"Ukutani?" binti alisema. "Hamna kitu, baba. Kuna ufa. Unaanzia kwenye dirisha unashuka mpaka kitandani."

"Unatazama nini ukiwa umelala?"

"Huo ufa." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika katikati. "Mbona unauliza leo?"

"Sijawahi kuuliza."

Binti akaanza kueleza. Kitanda kiko upande gani, dirisha linafunguka kuelekea wapi, jirani wa juu anavyoburuta kiti kila alfajiri, kikombe anachokunywea, chumba kinavyokuwa baridi akirudi kazini na kuwasha taa. Mwanzoni alisema kwa kusitasita, kama mtu anayejibu mtihani, baadaye maneno yakafuatana yenyewe. Bwana Mita hakuinua kidole. Aliuliza mlango unafungukia ndani au nje. Aliuliza mwanga unaingia saa ngapi. Waliongea mpaka simu ikapata joto sikioni, mpaka binti akasema chaji inakwisha, na wakaendelea hivyohivyo mpaka sauti yake ikakatika katikati ya neno.

Akabaki ameshika simu. Nje watu walikuwa wanarudi kutoka matembezini, mmoja mmoja na wawili wawili. Alikaa akisubiri, kwani huenda ataichaji na kupiga tena.